Manowari Pegasus, Unguja 1914: namna ya kutafuta vipimo na sura yake kabla ya kukata kadibodi

Anayetaka kuunda modeli ya Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg mbele ya mji wa Unguja, aanze kwa kuandika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: Jumapili, 20 Septemba 1914, saa 11 na dakika 25 alfajiri. Hiyo ndiyo saa Mjerumani alipofungua mizinga. Kila kipande utakachokibandika kwenye modeli kitaulizwa swali hilohilo: kilikuwapo siku ile, mahali pale, kwa umbo lile?

Pegasus iliteremshwa majini mwaka 1897 kwenye kiwanda cha Palmers, Jarrow, na ikaanza kazi 1899. Mpaka inazama ilikuwa imetumika miaka 15. Katika miaka hiyo rangi ilibadilika, nyuzi za simu ya upepo zilipandishwa milingotini, na vitu vya sitahani vilihamishwa na kuongezwa. Mtu asiyejifunga na siku moja huchukua dohani za picha ya 1900, milingoti ya picha ya 1910 na rangi ya 1914, kisha akashangaa kwa nini vitu havikai pamoja. Havikai kwa sababu havikuwahi kuwa pamoja.

Na hiyo saa isomwe vizuri. Maandishi ya Kiingereza yanasema 5.25 a.m. Ukiihamisha kwa haraka ukaandika "saa tano na dakika 25", umeshaipeleka vita kwenye jua kali la kabla ya adhuhuri, na ukiweka modeli kwenye mandhari yake kivuli chote kitakuwa cha uongo. Ilikuwa alfajiri, mwanga unaanza kupasuka, meli imetia nanga na mafundi wako kwenye mitambo wanatengeneza. Meli iliyotia nanga ikiwa na mitambo iliyofunguliwa haitoi wingu la moshi kwenye dohani zote mbili na wala haikati maji kwenye omo, yaani mbele yake. Pamba nyeusi ya moshi na povu jeupe ndiyo makosa ya kwanza yanayoonekana kwenye modeli nyingi za meli hii.

Daftari la ushahidi

Kabla ya kutafuta picha hata moja, gawa daftari kwa sehemu za meli: omo, tezi (sehemu ya nyuma), sitaha, dohani, milingoti, mashua, mizinga, nanga na amari zake, rangi. Mbele ya kila kitu acha nafasi ya herufi moja.

Andika A kama umekiona kwenye picha ya Pegasus yenyewe iliyopigwa 1913 au 1914. Andika B kama picha ni ya Pegasus lakini ya miaka ya nyuma. C ni ya meli ndugu au mchoro wa kundi zima. D ni makisio yako. Usione haya kuandika D, kwani hakuna modeli ya meli ya wakati ule isiyo na D kadhaa. Hatari iko kwenye D iliyojigeuza A kwa kukaa daftarini muda mrefu. Kila herufi iambatane na picha ilikotoka na tarehe, hata kama ni mstari mmoja tu. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka kama lile tundu la mkabala na dohani ya nyuma uliliona au ulilikisia.

Meli ndugu zitakusaidia na zitakupoteza. Kundi la Pelorus lilikuwa na meli 11: Pelorus, Proserpine, Pegasus, Perseus, Pactolus, Prometheus, Pomone, Pioneer, Pandora, Psyche na Pyramus. Zilijengwa viwanda mbalimbali, na walifanya jambo linalomtesa mwenye kuunda modeli: waliweka aina tofauti za boila, wakijaribu ipi ni bora. Pegasus ilikuwa na boila za Reed, nyingine zilikuwa na za Normand, nyingine za Thornycroft. Boila na dohani haviachani. Kwa hiyo umbo la jumla la kiwiliwili unaweza kulichukua kwa ndugu yeyote ukaandika C kwa moyo mkunjufu, lakini dohani, mabomba membamba yanayopanda ubavuni mwake na matundu ya hewa yanayolizunguka yachukue kwenye picha za Pegasus peke yake.

Vipimo vinavyojulikana

Urefu wote wa meli, kutoka ncha ya omo mpaka mwisho wa tezi, ni futi 313 na inchi 6. Upana ni futi 36 na inchi 6. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo unapata mita 95.55 kwa 11.13. Uzito ni tani 2,135. Mizinga mikubwa minane ya inchi 4, midogo minane ya kombora la ratili 3, na mirija miwili ya topido ya inchi 18. Dohani mbili, milingoti miwili.

Sasa tazama mtego. Maandishi mengine yanatoa urefu wa futi 300. Hayajakosea. Huo ni urefu wa waundaji, unaopimwa kati ya nguzo mbili za kuhesabia, ya mbele na ya nyuma, na hauhesabu kile kinachochomoza. Kwa skeli ya 1:200, yaani modeli ndogo mara 200 kuliko meli, futi 313 na nusu ni sm 47.8, na futi 300 ni sm 45.7. Ukikata kiwiliwili kwa kipimo kimoja na sitaha kwa kingine, utapungukiwa na sentimita mbili kamili, na utazitafuta kwenye gundi bila kuziona. Kila urefu unaouandika, andika pembeni "wote" au "wa waundaji".

Kuhusu skeli: 1:200 inakufaa zaidi ikiwa unaunda kwa mkono kwa kadibodi, mbao na plastiki ya karatasi. Kwa 1:350 meli inakuwa sm 27.3 na mtu mzima wa mita 1.70 anakuwa chini kidogo ya milimita 5. Inapendeza, lakini kamba za milingoti zinakuwa nyembamba kuliko unywele. Kwa 1:700 ni sm 13.7, na kwa ukubwa huo nusu ya utafiti ulioufanya hautaonekana.

Michoro na mashine ya fotokopi

Michoro ya waundaji ya manowari za Kiingereza huhifadhiwa na makumbusho ya bahari ya Greenwich, London, na nakala huagizwa kwa malipo. Ukiagiza, omba michoro inayoonyesha meli ilivyokamilika, achana na ile ya mapendekezo. Mchoro wa mapendekezo ni ndoto ya mhandisi. Wa kukamilika ulichorwa meli ikiwa tayari, na mara nyingine mabadiliko ya baadaye yaliongezwa juu ya karatasi ileile kwa wino wa rangi nyingine. Ndiyo maana nakala ya rangi ina thamani kuliko ya nyeusi na nyeupe. Kwenye nakala nyeusi, nyongeza na asili hugeuka mstari mmoja, na umepoteza historia yote iliyokuwamo.

Michoro hii hufuata vipimo vya Kiingereza. Robo inchi kwa futi ni 1:48, na thumni ya inchi kwa futi ni 1:96. Kuishusha kutoka 1:96 mpaka 1:200 mwambie mtu wa fotokopi asilimia 48. Kutoka 1:48 mpaka 1:200 unahitaji asilimia 24, na mashine nyingi za madukani haziteremki chini ya 25. Punguza mara mbili: kwanza 50, kisha ile nakala ipunguze kwa 48. Nusu ya 48 ni 24, umefika.

Usiondoke dukani bila kupima. Chukua rula, pima mstari wa skeli uliochorwa chini ya mchoro, kisha pima kitu kingine kilichosimama wima. Mashine huvuta karatasi upande mmoja kuliko mwingine, na karatasi yenyewe hunywa unyevu. Wakati wa masika hapa kwetu karatasi kubwa iliyoachwa mezani usiku kucha inaweza kutanuka kidogo. Kosa la asilimia moja linaonekana dogo, lakini kwenye sm 47.8 ni karibu milimita 5. Nakala zote za meli moja zitolewe siku moja, kwenye mashine moja, karatasi zikilazwa upande uleule.

Kuisoma picha ya zamani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo mtu wa Unguja ana nafasi nzuri kuliko mtu wa London, kwa sababu anaujua mji ulio nyuma ya meli.

Picha nyingi za bandari ya Unguja za miaka ile zilipigwa na wenye studio za mjini, kina Gomes, Coutinho na Pereira de Lord, wakaziuza kama postikadi. Maandishi ya chini ya postikadi yaliandikwa na muuzaji, wakati mwingine miaka mingi baada ya picha. Usiyaamini. Amini majumba.

Tazama Beit al-Ajaib. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, picha ni ya kabla ya Agosti 1896, maana mnara ule ulivunjwa na mizinga ya Waingereza katika vita vya 27 Agosti. Ukiona mnara wa saa umeunganishwa na uso wa jumba lenyewe, picha ni ya 1897 au baadaye. Kisha teremsha macho majini. Siku ileile ya Agosti ilizamishwa Glasgow, meli ya Sultani, kwenye maji mafupi, na milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Basi postikadi yenye mnara wa saa usoni mwa jumba na milingoti mitatu ndani ya maji ni ya kati ya 1897 na 1912. Kama chini yake pameandikwa "Pegasus kabla ya kuzama, 1914", maandishi ni ya uongo, na manowari unayoiona ama ni nyingine au ni ya wakati mwingine.

Ukishapata tarehe, thibitisha meli. Agosti 1914 Pegasus haikuwa peke yake katika maji haya. Astraea, manowari nyingine ya Kiingereza, nayo ilikuwapo, nayo ina dohani mbili, na kwa mbali hutofautishi kwa haraka. Lakini Astraea ni kubwa mara mbili kwa uzito, tani 4,360, na ina mizinga ya inchi 6 omoni na tezini. Hyacinth, nayo ya Kiingereza, ina dohani tatu, kwa hiyo huchanganywa na Königsberg, ambayo pia ina tatu. Kuhesabu dohani peke yake hakutoshi. Linganisha urefu wa dohani na umbali kati yake, na tazama kama nafasi ya mbele ya dohani ya kwanza inalingana na ya mchoro wako.

Majina nayo yanarudiarudia. Waingereza walikuwa na Pegasus nyingine iliyobeba ndege mwaka 1917, na nyingine tena iliyopewa jina hilo 1934. Wajerumani waliunda Königsberg ya 1905, ya 1915 na ya 1927. Ukitafuta mtandaoni daima weka mwaka wa kuteremshwa majini pamoja na jina: Pegasus 1897, Königsberg 1905. Picha zilizotiwa rangi na kompyuta ziache kabisa. Programu hubuni rangi, na nyingine hubuni hata kamba na madirisha pale picha ya asili ilipofifia.

Wapi pa kutafuta? Picha za Königsberg ikiwa Dar es Salaam mwaka 1914 zimo katika nyaraka za taifa za Ujerumani, Bundesarchiv, kwenye mkusanyiko wa Walther Dobbertin, na zinatazamwa bure mtandaoni. Imperial War Museums ya Uingereza ina picha za vita vya Afrika Mashariki. Pegasus ilikaa miaka mingi Australia kabla ya kuja huku, kwa hiyo maktaba na makumbusho za Australia zitafutwe pia. Picha za kule utazipa herufi B. Kwa maandishi, nyaraka za taifa za Uingereza zilizoko Kew zinaweka madaftari ya safari za manowari chini ya alama ADM 53. Daftari la meli huandika ilipotia nanga, upepo, makaa yaliyopakiwa na kazi za mabaharia za kila siku, na siku waliyopaka rangi huandikwa kwa maneno mawili makavu. Maneno hayo mawili yanaweza kukuondolea wasiwasi wa wiki nzima.

Hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa Kilimani. Usifike ukaomba "habari za vita vya Wajerumani", utaletewa mafaili ya mwezi mzima wa kusoma. Omba kwa tarehe: barua na gazeti rasmi la serikali la Agosti mpaka Desemba 1914, na mambo ya bandari. Nenda na penseli, kwani wino karibu na nyaraka ni adui, na uliza utaratibu wa kupiga picha kabla ya kutoa simu mfukoni.

Sasa kupima kwa picha. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, omo na tezi zikiwa umbali sawa na kamera. Tuseme kwenye nakala yako meli ina urefu wa mm 191. Gawa mita 95.55 kwa 191, kila milimita ya picha ni nusu mita ya meli. Dohani ikipimwa mm 14 juu ya sitaha, ni mita 7, na kwa 1:200 ni mm 35. Rudia kwa picha mbili zaidi. Zikipishana kwa sehemu moja ya ishirini, chukua wastani. Zikipishana zaidi ya hapo, moja kati ya picha hizo haikupigwa ubavuni.

Meli ikiwa imegeuka, urefu wa mlalo hujikunja na wa wima haujikunji. Kwa hiyo usipime dohani kwa kutumia urefu wa meli iliyokaa mshazari. Tafuta kitu cha wima unachokijua kilicho karibu na hiyo dohani, kwa mfano kina cha ubavu kutoka sitahani mpaka mstari wa maji kama ulivyo kwenye mchoro, au baharia aliyesimama hapohapo. Baharia wa omoni hapimi kitu cha tezini, kwa sababu umbali wao na kamera si mmoja.

Mizinga ya kushikwa kwa mkono

Baada ya meli kuzama, mizinga yake iliopolewa na ikapelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na hapohapo uko mmoja wa mizinga ya Königsberg. Hakuna sehemu nyingine ya Pegasus inayokaribia kuwa na faida kama hiyo kwa mtu wa visiwani, na safari ya Mombasa inalipa.

Omba ruhusa kwa wasimamizi, nenda asubuhi jua likiwa chini ili vivuli vionyeshe mabega ya chuma, na chukua utepe wa kupimia, uzi, rula nyeupe na mtu wa kuishika rula ndani ya picha. Mtutu wa mzinga haupimiki unene kwa rula. Zungushia uzi, pima uzi, gawa kwa 3.1416. Uzi ukitoka sm 62.8, unene ni sm 20, na kwa 1:200 ni milimita moja kamili. Fanya hivyo kila baada ya sm 50 kutoka mdomoni mpaka nyuma, kwani mtutu haupungui kwa mstari mmoja. Hupungua kwa ngazi, na zile ngazi ndizo zinazoufanya uonekane mzinga badala ya bomba la maji. Tundu lake ni inchi 4, yaani mm 101.6, na urefu wa tundu ni mara 40 ya huo upana, mita 4.06. Kwa 1:200 ni mm 20.3.

Tenganisha mtutu na kitako. Mtutu ndio ule uliokuwa melini. Kitako cha kupigania nchi kavu hakina nafasi sitahani, hata kama kimekuvutia. Kitako cha meli na ngao yake vitoe kwenye picha za sitaha.

Kwa kuunda mtutu, sindano mpya za duka la dawa hazina mpinzani. Namba 21, yenye kitako cha kijani, ina unene wa mm 0.8. Namba 25, ya rangi ya chungwa, ni mm 0.5, na huingia ndani ya ile ya 21 kwa kubana sana. Mara nyingine mpaka uipitishie msasa laini kwanza. Hapo unapata ngazi moja ya mtutu bila kutoboa kitu. Kata kwa tupa ya pembe tatu, usitumie koleo, kwani koleo hubonyeza mdomo ukawa bapa. Sindano iliyokwisha kutumika isiguswe kwa hali yoyote.

Rangi

Kabla ya 1903 manowari za Kiingereza zilikuwa na kiwiliwili cheusi, sehemu za juu nyeupe, dohani na milingoti ya manjano iliyofifia. Kwenye vituo vya nchi za joto meupe yaliendelea kuonekana hata baada ya hapo. Rangi ya vita ni kijivu. Kwa hiyo picha nzuri na safi za Pegasus ya mwanzo zina rangi ambayo siku ya 20 Septemba haikuwapo. Zitumie kwa umbo, rangi yake ipuuze.

Wala usijaribu kusoma kijivu kutoka kwenye picha. Vioo vya kupigia picha vya wakati ule havikuiona rangi nyekundu, na vingi viliiona manjano kwa shida, ilhali buluu viliiona kupita kiasi. Ndiyo maana mbingu huwa nyeupe tupu, nyekundu ya bendera hugeuka karibu nyeusi, na dohani ya manjano hafifu huonekana imeiva kama imepakwa hudhurungi. Watu wengi wamepaka dohani za hudhurungi kwa sababu hiyo. Kinachosomeka kwenye picha ni tofauti tu: kama dohani na kiwiliwili vina kina kimoja cha giza, yaelekea vimepakwa rangi moja, nalo ni jambo la kuandika A.

Ukichanganya kijivu chako, anza na nyeupe, ongeza nyeusi tone kwa tone, kisha jaribu kwenye vipande vitano vya kadibodi, kila kimoja cheusi kidogo kuliko mwenzake. Vitazame barazani kivulini, saa mbili za asubuhi. Jua la adhuhuri hukwambia kila kijivu ni cheupe, na taa ya manjano ya ndani hukifanya kila kijivu kiwe cha udongo. Chagua kilicho cheupe hatua moja kuliko unachodhani ni sahihi, kwani kitu kidogo kilichopakwa rangi kamili ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko asili yake.

Bahari ya siku ile

Ukiiweka modeli kwenye maji, utafiti haujaisha. Tarehe 21 Agosti 1914 jua lilipatwa, na jua halipatwi ila mwezi ukiwa mwandamo. Ongeza siku 29 na nusu, unafika 19 au 20 Septemba. Kwa hiyo alfajiri ya vita ilikuwa ya mwezi mwandamo, maji ya bamvua. Kila mvuvi wa Malindi atakwambia bamvua hujaa karibu na saa 10 za alfajiri na kupwa karibu na saa 4 za asubuhi. Saa 11 na nusu maji yalikuwa yameshaanza kutoka, lakini bado mengi. Ufuo ulio wazi, mashua zimelala ubavu mchangani na watu wanaokota chaza havina nafasi kwenye mandhari yako.

Upepo wa Septemba ni kusi linalopoa. Meli iliyotia nanga hugeuza omo kufuata upepo na mkondo, na kama viwili hivyo havikubaliani hukaa mshazari, amari ikiwa imevutwa pembeni. Muulize nahodha anayelala na chombo chake bandarini mwezi huo meli ndefu hukaa vipi maji yanapoanza kutoka. Jibu lake litaingia daftarini kwa herufi C, na litakuwa C yenye nguvu.

Königsberg usiiweke kwenye ubao huo. Ilipiga kutoka umbali wa yadi 9,000 hivi, yaani mita 8,230. Kwa skeli ya 1:200 ni mita 41, urefu wa nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zilizopangana. Anayetaka meli zote mbili aziunde kila moja na ubao wake, kisha apake kwenye ukuta wa nyuma wa ubao wa Pegasus upeo wa bahari uliotupu, na mahali pa mbali sana upande wa kusini aweke nukta moja ya kijivu.